Uso unaoparuza, upepo na joto: kwa nini msuguano ukipanda mara tatu joto halipandi mara tatu

Ikija mada ya ndege, magari au mpira wa gofu, mabishano ni yale yale. Mmoja anasema kitu laini ndo kinapita hewani vizuri, mwingine anamjibu mbona mpira wa gofu umejaa vishimo na unaenda mbali, wa tatu anaingia na habari za chombo cha anga kinachowaka moto kwa "msuguano wa hewa", mwishowe watu wanaachana bila kuelewana. Na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba humo ndani kuna maswali mawili watu wanayafanya kuwa moja: hewa inakuvuta kwa nguvu kiasi gani, na hewa inakupa au inakunyang'anya joto kiasi gani. Kwenye uso laini maswali haya yanatembea pamoja kama mapacha. Uso ukianza kuparuza yanaachana njia, na hapo ndo hata wahandisi wenye kompyuta kubwa wanapotoa majibu yasiyo sahihi.

Tuwekane sawa kwenye maneno kwanza. Nikisema msuguano hapa nina maana ya nguvu yote ambayo hewa inayopita inaupa uso, ile inayouvuta kuelekea upepo unakokwenda. Uhamisho wa joto ni joto linalotoka kwenye uso kwenda hewani, au kinyume chake. Mparuzo ni vinundu, vishimo, mikwaruzo, kutu, chembe, barafu, rangi iliyobanduka, yaani chochote kinachofanya uso usiwe tambarare. Na mnato ni ile hali ya kimiminika au hewa kujivuta yenyewe kwa yenyewe, mafuta mazito ya injini yana mnato mkubwa, hewa ina mnato mdogo sana lakini sio sifuri, na huo mdogo ndo unaoleta habari yote hii.

Sasa jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui: hewa inayogusa uso haitelezi juu yake. Inashikana nao kabisa. Angalia mapanga ya feni, yanazunguka kwa kasi siku nzima na bado yanajaa vumbi, unajiuliza kwa nini upepo wote ule haulipeperushi. Ni kwa sababu hewa iliyo palepale kwenye panga inazunguka pamoja na panga, kwa hiyo vumbi jembamba limelala kwenye hewa ambayo, kwa upande wake, imesimama. Ukipanda juu kidogo kasi inaanza kuongezeka, ukipanda zaidi unafika kwenye upepo kamili. Sehemu hiyo nyembamba, kutoka kasi sifuri hadi kasi kamili, Ludwig Prandtl wa Ujerumani aliieleza mwaka 1904 kwenye mkutano wa wanahisabati pale Heidelberg, na tangu hapo watu wanaiita tabaka la mpakani. Msuguano wote na joto lote vinaamuliwa humo.

Tabaka hilo lina tabia mbili. Likiwa tulivu, hewa inapita kwa karatasi karatasi, kama kurasa za kitabu unapokisukuma kwa juu, kila ukurasa unateleza juu ya mwenzake. Likivurugika, visulisuli vidogo vidogo vinapanda na kushuka, vinachukua hewa ya kasi ya juu vinaileta chini na ile ya polepole ya chini vinaipandisha juu. Vurugu hiyo inaongeza msuguano na inaongeza joto linalohama, kwa sababu visulisuli ni wabebaji, vinabeba kasi na vinabeba joto kwa mkono mmoja. Ila hata kwenye vurugu kubwa kiasi gani, karibu kabisa na uso laini kuna utando mwembamba ambao visulisuli vinafia hapo, nafasi haitoshi, na mnato ndo unatawala. Shika huo utando kichwani, nitauita utando wa mnato, maana kila kitu kinachofuata kinauhusu.

Swali la kwanza la mparuzo ni hili: vinundu vimezama ndani ya utando au vimetokeza nje? Vikiwa vimezama, hewa ya juu haijui kama vipo. Uso unaweza kuukwaruza kidole chako na bado kwa hewa ukawa laini kabisa. Na unene wa utando unategemea kasi. Kwa kukadiria tu, upepo wa mita 1 kwa sekunde ukipita juu ya ubao utando wake unaweza kufika milimita moja hivi au zaidi, gari likiwa kilomita 100 kwa saa utando unakuwa kama unene wa unywele, na ndege ya abiria ikiwa juu kwenye mwendo wake ni mikromita ishirini na kitu tu, chini ya unywele. Kwa hiyo ukiulizwa "huu uso ni laini au unaparuza" jibu la haki ni: kwa kasi gani? Uso huohuo, msasa uleule, kwa upepo wa polepole ni laini na kwa upepo wa kasi ni kama kichaka. Kugusa kwa mkono hakukuambii kitu.

Kipimo cha haya yote kilitoka Göttingen, kule Ujerumani. Johann Nikuradse, aliyekuwa anafanya kazi na Prandtl, alichukua mabomba akayabandika chembe za mchanga zilizochekechwa zikalingana ukubwa, akapitisha maji (maji na hewa vinafuata sheria zilezile hapa), akapima presha inapotea kiasi gani. Matokeo aliyatoa mwaka 1933. Aliona hatua tatu: kwanza bomba lenye mchanga linafanya kama laini, alafu kuna kipindi cha mpito, alafu inafika mahali msuguano hautegemei tena mnato hata kidogo, unategemea ukubwa wa chembe tu. Kwa lugha ya kawaida, chembe ikiwa chini ya kama mara 5 ya kipimo cha mnato ukutani (urefu mdogo sana, kama sehemu ya tano ya unene wa utando), uso ni laini, ikipita kama mara 70, uso umeparuza moja kwa moja. Namba hizo mbili bado zinatumika leo.

Lakini ukuta wa kweli haujabandikwa mchanga uliochekechwa. Una kutu, una rangi, una barafu. Basi Hermann Schlichting mwaka 1936 akaleta wazo la kulinganisha: upime uso wako ulivyo, alafu uulize ni mchanga wa Nikuradse wa ukubwa gani ungeleta msuguano uleule, huo ukubwa ndo unaupa uso wako kama jina. Tunaweza kuuita mchanga sawa. Mwaka 1944 Lewis Moody wa Marekani akachora mchoro maarufu wa msuguano wa mabomba ambao wanafunzi wa uhandisi hadi leo wanaukuta darasani, na mparuzo humo unahesabiwa kwa wazo hilohilo.

Hapa watu wanateleza vibaya. Wanadhani mchanga sawa ni urefu wa vinundu. Sio urefu! Ni jina la msuguano. Uso wenye vinundu vya milimita moja unaweza kuwa na mchanga sawa wa milimita tatu, na mwingine wa urefu huohuo ukawa na mchanga sawa wa nusu milimita. Inategemea vinundu vimekaaje. Vishimo vilivyochimbwa chini havisumbui hewa sana kama vinundu vilivyosimama juu, hata kama kina na urefu ni sawa, maana nundu anakutana na upepo uso kwa uso na kishimo kimejificha. Mwinuko mkali unasumbua kuliko mteremko wa taratibu. Na msongamano nao una hila yake, vinundu vichache vilivyoachana kila kimoja kinapigwa na upepo wake, ukiviongeza msuguano unapanda, ila ukizidi kuvibana vinaanza kukingana, cha mbele kinamkinga wa nyuma, upepo unaruka juu juu ya vichwa na msuguano unaanza kushuka tena. Msitu mnene na miti michache uwandani ni hivyohivyo, ndani ya msitu mnene upepo haufiki chini.

Kwa hiyo mtu akikupa urefu wa wastani wa mparuzo peke yake, anataka umwambie msuguano, hajakupa taarifa ya kutosha. Na hiyo ni sehemu rahisi ya habari.

Tuje kwenye joto

Mwaka 1874 Osborne Reynolds wa Manchester, akiwaza juu ya maboila ya mvuke, alisema kitu kizuri sana: kinachobeba kasi kwenda ukutani ndo hichohicho kinachobeba joto, basi ukijua msuguano umeshajua joto. Kwenye uso laini, hasa kwa hewa, wazo hilo linafanya kazi vizuri mno. Kuna namba inayolinganisha jinsi kasi na joto vinavyosambaa ndani ya kitu, inaitwa namba ya Prandtl, na kwa hewa ni kama 0.7, karibu na moja, maana yake vinasambaa kwa mwendo unaokaribiana. Pima kimoja upate cha pili. Wahandisi wameishi na raha hiyo muda mrefu.

Mparuzo unaivunja raha hiyo, na sababu yake unaweza kuihisi mwenyewe. Toa mkono nje ya dirisha la gari linalotembea, laza kiganja kama ubao, upepo unapita juu na chini na nguvu unayosikia ni ndogo. Sasa geuza kiganja kiangalie mbele. Mkono unasukumwa nyuma kwa nguvu kubwa. Ngozi ni ileile, eneo ni lilelile, upepo ni uleule, kilichobadilika ni kwamba sasa upepo unagonga mbele kwa presha kubwa na nyuma ya kiganja kuna presha ndogo, na tofauti ya hizo presha mbili ndo inayokusukuma. Lakini je, kiganja kimepoa mara nyingi zaidi kwa kiasi hichohicho? Hapana. Kinapoa, ndio, ila sio kwa ukubwa ule wa nguvu iliyoongezeka.

Kila nundu kwenye uso unaoparuza ni kiganja kidogo kilichogeuzwa. Upepo unakigonga mbele, nyuma unaacha uwazi wa presha ndogo, na hiyo tofauti inaongezwa kwenye hesabu ya msuguano. Msuguano umepata njia ya mkato, haulazimiki tena kupita kwenye mnato. Joto halina njia hiyo ya mkato. Hakuna presha ya joto. Joto likitaka kutoka kwenye chuma kwenda hewani lazima lipite kwa kugusana, molekuli kwa molekuli, kupitia utando ule mwembamba uliosimama, na nundu bado lina utando wake limejivika. Zaidi ya hapo, nyuma ya nundu kuna hewa iliyonaswa inazunguka palepale, inapata joto la ukuta, ikishapata haiwezi kuchukua zaidi, inakaa pale kama blanketi.

Joto linaongezeka bado, nisieleweke vibaya. Eneo la kugusana limekuwa kubwa na visulisuli vinasogea karibu zaidi na ukuta. Ila linabaki nyuma. Kanuni ya makadirio inayotumika kwa mabomba yenye mparuzo inasema hivi kwa hewa: msuguano ukipanda mara 3 kuliko wa bomba laini, joto linapanda kama mara 2. Na ukizidi kuongeza mparuzo hadi msuguano ufike kama mara 4, joto linakaribia kugoma kabisa, unaendelea kulipa msuguano bila kupata joto zaidi.

Kuna jambo lingine hapo ambalo naliona ndo kiini cha mada yote. Kumbuka ile hatua ya tatu ya Nikuradse, msuguano unaposahau mnato. Kwa joto hatua hiyo haipo. Hata vinundu viwe vikubwa namna gani joto lazima likatize utando, kwa hiyo mnato na uwezo wa hewa kupitisha joto vinabaki ndani ya hesabu siku zote. Matokeo yake kadiri kasi inavyopanda pengo kati ya msuguano na joto linazidi kupanuka. Mtu aliyepima uso kwa kasi ndogo akapata uwiano fulani, akaubeba kwenda kwenye kasi kubwa, anakosea, na kosa linakua kila anapoongeza kasi.

Wanaosoma hali ya hewa wanalijua hili kwa jina lao. Kwenye hesabu zao za upepo juu ya misitu, mashamba na miji wanatumia urefu wa mparuzo wa ardhi, na hawatumii mmoja, wanatumia miwili, wa upepo na wa joto, na wa joto kwa kawaida ni mdogo sana kuliko wa upepo.

Kompyuta inakosea wapi

Watu wanauliza, si tuna kompyuta, kwa nini tusihesabu tu kila nundu? Inawezekana, na inafanyika, kwa vipande vidogo vya uso na kasi za wastani, unachora kila nundu na kila kisulisuli, na majibu yake ni ya kuaminika sana. Ila kwa bawa zima la ndege haiwezekani, vinundu ni vya sehemu za milimita na bawa ni mita makumi, idadi ya vipande vya kuhesabu inashinda mashine yoyote iliyopo.

Basi wanafanya ujanja. Ukuta unachorwa laini, alafu programu inaambiwa "hapa pana mchanga sawa wa ukubwa fulani", nayo inaongeza vurugu ya bandia karibu na ukuta hadi msuguano utoke sahihi. Hapo umeona mtego? Vurugu ya bandia ni visulisuli, na visulisuli vinabeba kasi pamoja na joto. Kwenye uso wa kweli sehemu kubwa ya msuguano ulioongezeka ilitoka kwenye presha, sio kwenye visulisuli, lakini programu haijui presha ya vinundu ambavyo havijachorwa, inalipa deni lote kwa visulisuli, na joto linapanda bure. Msuguano unatoka sahihi, joto linatoka kubwa mno, na mtu aliyekagua msuguano peke yake anaondoka ameridhika. Kwa hiyo lazima kuwe na sahihisho la pili la joto tu, la kuvizuia vile visulisuli vya bandia visibebe joto kama vinavyobeba kasi, na sahihisho hilo linatokana na umbo la vinundu, kwa sababu nyuso mbili zenye mchanga sawa mmoja zinaweza kuwa na joto tofauti.

Kuna njia nyingine ya katikati ambayo mimi naipenda zaidi kwa uaminifu wake: hauchori vinundu lakini unaiambia programu vipo, vinaziba nafasi kiasi gani, vinasukumwa kwa presha kiasi gani na vinatoa joto kiasi gani kila kimoja kwenye kila kimo, msuguano na joto vinahesabiwa kila kimoja kwa njia yake tangu mwanzo. Inadai ujue uso wako vizuri, na wengi hawaujui.

Kosa hili linauma wapi? Kwenye mapanga ya turbini za injini za ndege kwanza. Gesi inayopita pale inaweza kuwa moto kuliko kiwango cha chuma cha panga kuyeyuka, panga linaishi kwa sababu tu linapozwa kwa ndani na kwa nje. Injini ikishafanya kazi muda mrefu mapanga yanapata uchafu ulioganda, yanaliwa, mipako inabanduka, yanaanza kuparuza na joto linaloingia linaongezeka. Wahandisi wa fani hiyo wanasema ukikosea joto la panga kwa nyuzi 30 tu maisha yake yanaweza kupungua nusu. Ukikadiria joto dogo mno panga linaharibika mapema, ukikadiria kubwa mno unapoteza hewa nyingi kupoza kisichohitaji na injini inakula mafuta zaidi. Na ndani ya panga hilohilo, kwenye njia za hewa ya kupoza, wanaweka matuta kwa makusudi ili joto litoke haraka, yaani mparuzo nje ni adui na ndani ni rafiki, umbali kati yao ni milimita chache.

Kwenye chombo cha anga cha Discovery mwaka 2005 nako mparuzo mdogo ulizua mkutano mrefu. Vipande viwili vya kujazia nafasi kati ya vigae vya tumboni vilikuwa vimechomoza nje. Hofu ilikuwa kwamba wakati wa kurudi vitavuruga tabaka la mpakani mapema kuliko ilivyopangwa, na tabaka likivurugika joto linaloingia linapanda sana. Tarehe 3 Agosti mwanaanga Stephen Robinson akatoka nje, akapelekwa chini ya chombo na mkono wa roboti, akavichomoa kwa mkono wake. Na hapa turekebishe kauli moja, chombo kinachorudi duniani hakiwaki hasa kwa kusuguliwa na hewa, joto kubwa linatokana na hewa ya mbele kubanwa kwa ghafla ikawa moto mno. Tabaka la mpakani ndo linaamua kiasi gani cha joto hilo kinafika kwenye vigae.

Mpira wa gofu nao hauna uchawi. Vishimo vinaongeza msuguano wa ngozi, yaani ule wa hewa kusugua uso wenyewe, hilo ni kweli, ila vinavuruga tabaka la mpakani, na tabaka lililovurugika lina nguvu ya kung'ang'ania mpira hadi nyuma zaidi kabla ya kuachana nao, hivyo ule uwazi wa presha ndogo nyuma ya mpira unakuwa mdogo. Upinzani wa jumla unashuka hadi karibu nusu. Inafanya kazi kwa sababu mpira ni mviringo na ukizani wake (huo upinzani wa hewa) mkubwa unatoka nyuma. Kwenye bawa jembamba lililochongwa vizuri hali ni tofauti, mparuzo unaongeza ukizani tu, na mbaya zaidi unaweza kuiba nguvu ya kuinua, marubani wanafundishwa kwamba barafu yenye mparuzo kama msasa mkali kwenye bawa inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukizani hadi asilimia 40. Vijimifereji vyembamba vinavyofuata upepo, kama vya ngozi ya papa, ni kesi ya peke yake, vinapunguza msuguano kwa asilimia chache kwa kuvinyima visulisuli nafasi ya kusogea pembeni, na vikilazwa kinyume na upepo faida inapotea.

Barafu ndo mahali mada hii inapokuwa ngumu kuliko kote. Ndege inapita kwenye wingu lenye matone yaliyo chini ya nyuzi sifuri ila bado ni maji. Tone likigonga bawa linaweza kuganda papo hapo, au likateleza nyuma kidogo ndo ligande, inategemea hewa inalinyang'anya joto kwa haraka kiasi gani. Haraka hiyo inategemea mparuzo. Na mparuzo wenyewe ni barafu iliyoganda dakika moja nyuma. Barafu inatengeneza mparuzo, mparuzo unaamua joto, joto linaamua barafu ijayo ikae wapi, na mzunguko unaendelea hadi umbo lote linatoka, pembe au bonge. Programu iliyotoa joto kubwa kupita kiasi itagandisha matone mapema mno na kuchora umbo ambalo sio lile litakalotokea angani.

Ndo maana siku hizi maabara hawaridhiki na kupima urefu wa vinundu. Wanapiga skani uso wa barafu au wa panga lililotumika, wanachapa nakala yake iliyokuzwa, wanaiweka kwenye handaki la upepo (njia ya majaribio inayopulizwa upepo) wakiipasha moto, na kamera ya infraredi inasoma joto sehemu kwa sehemu huku msuguano ukipimwa kwenye nakala hiyohiyo, ili uso mmoja uondoke na namba mbili.